Nyutroni Hukisiwa, Hazipimwi

Januari 1972 wafanyakazi wa Hanford, kiwanda kikubwa cha plutoniamu cha serikali ya Marekani kando ya mto Columbia katika jimbo la Washington, walibadilishiwa beji za mionzi. Beji ya zamani ilipima nyutroni kwa kipande cha filamu kilichotumika tangu 1950. Mpya ilikuwa na fuwele ndogo za lithiamu floraidi. Kazi ilibaki ileile na majengo yaleyale. Wataalamu waliopekua kumbukumbu za dozi miaka mingi baadaye walikubaliana kwamba, kwa upande wa nyutroni, namba za kabla ya mwaka huo zilikuwa ndogo mno.

Filamu ile iliitwa NTA. Nyutroni ya kasi ikigonga kiini cha haidrojeni ndani yake, protoni hurushwa na kuacha mstari mfupi. Filamu ikishasafishwa, kuna mtu aliyeketi mbele ya hadubini na kuihesabu mistari hiyo mmoja mmoja. Tatizo ni kwamba nyutroni yenye nishati ya chini ya elektronivolti laki tano hadi milioni moja hairushi protoni kwa nguvu ya kutosha kuacha mstari unaohesabika. Joto na unyevu navyo vilikuwa vikififisha mistari kabla haijafikiwa na hadubini. Katika karakana za plutoniamu, chembe za alfa ziligonga florini na kutoa nyutroni, na nyutroni hizo zikakingwa kwa plastiki nene na maji. Kinga ilifanya kazi yake: ilizipunguza kasi. Ila nyutroni iliyopunguzwa kasi bado ni nyutroni. Ilipita chini ya upeo wa filamu, ikaingia mwilini mwa mfanyakazi, na daftarini ikaandikwa sifuri. Kadiri kinga ilivyoboreshwa, ndivyo beji ilivyozidi kupofuka.

Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria ya kuwafidia wafanyakazi wa viwanda vya silaha za nyuklia waliougua, na taasisi ya afya kazini iitwayo NIOSH ikapewa jukumu la kukadiria upya dozi zao. Kwa nyutroni za Hanford kabla ya 1972, kunakili kilichoandikwa kusingesaidia. Njia iliyotumika ilikuwa ya mzunguko: walichukua uwiano kati ya nyutroni na mionzi ya gama uliopimwa kwa beji mpya, kisha wakauzidisha kwa dozi ya gama ya zamani, ambayo filamu nyingine ilikuwa imeipima vizuri. Kwa maneno mengine, ushahidi bora kuhusu nyutroni zilizompiga mtu mwaka 1960 ulitoka kwenye kifaa kisichoona nyutroni, pamoja na ujuzi wa chumba alichofanyia kazi.

Hapo ndipo lilipo suala zima la upimaji huu, na halijabadilika sana. Dozi ya gama kwenye ripoti ya mfanyakazi ni kipimo chenye dosari za kawaida za vipimo. Dozi ya nyutroni ni makisio yaliyovaa namba, na ubora wake hautegemei beji peke yake, bali kiasi tunachokijua kuhusu mahali ilipovaliwa.

Sababu iko kwenye tabia ya chembe yenyewe. James Chadwick aliitambua nyutroni mwaka 1932 katika maabara ya Cavendish, Cambridge, miaka mingi baada ya elektroni na protoni kujulikana, kwa kuwa haina chaji. Inapita kando ya elektroni za atomu bila kuzigusa na hugonga viini tu. Kwa hiyo hakuna kifaa kinachoiona yenyewe. Vyote huona kitu kingine ambacho nyutroni imekirusha au imekibadilisha. Kisha kuna upana wa nishati. Nyutroni iliyopoa kabisa ina elektronivolti 0.025, iliyotoka kwenye chanzo kikali huweza kuwa na milioni 10 au 20. Tofauti hiyo inakaribia mara bilioni, na mfanyakazi mmoja katika chumba kimoja anaweza kupigwa na nyutroni za daraja zote hizo kwa wakati mmoja, kwa sababu zinaruka kutoka kwenye zege, sakafu, tangi la maji na mwili wa mwenzake.

Madhara nayo hayalingani. Kamisheni ya kimataifa ya kinga ya mionzi, ICRP, katika mapendekezo yake ya 2007 huipa gama uzito wa 1. Nyutroni hupewa uzito unaoanza 2.5 zikiwa pole, hupanda hadi takriban 20 zikifika elektronivolti milioni moja, kisha hushuka tena. Ukizihesabu kwa idadi, nyutroni moja ya elektronivolti milioni moja inayopita kwenye sentimita moja ya mraba huchangia dozi mara 40 hivi kuliko nyutroni iliyopoa. Beji inayohesabu nyutroni bila kujua nishati zake inaweza kuwa sahihi katika hesabu na kukosea mara kumi katika dozi.

Uzito huo wa 20 wenyewe hautokani na watu waliofuatiliwa. Kwa muda mrefu ilidhaniwa manusura wa Hiroshima wangetoa jibu, kwa kuwa makadirio ya 1965 yalisema bomu lile lilitoa nyutroni nyingi zilizowafikia watu. Makadirio mapya ya 1986, yaliyothibitishwa kwa sehemu kubwa mwaka 2002, yalizipunguza sana. Watafiti waliounganisha kumbukumbu za wafanyakazi wa nyuklia wa nchi 15, na kutoa matokeo mwaka 2005, waliwaweka kando wale ambao huenda walipata dozi kubwa za nyutroni, kwa vile namba zao hazikuaminika. Kilichobaki ni wanyama wa maabara na kromosomu zilizovunjika kwenye damu. Upimaji mbovu wa jana ndio umetunyima ujuzi wa leo.

Beji zinazotumika sasa ni za aina chache, na kila moja ina upofu wake.

Ya kwanza ni ile ya fuwele iliyochukua nafasi ya filamu kule Hanford. Inategemea kwamba mwili wa binadamu umejaa haidrojeni. Nyutroni na kiini cha haidrojeni vina uzito unaokaribiana, hivyo vikigongana ni kama gololi mbili: ya kwanza inaweza kusimama papo hapo na ya pili ikaondoka na mwendo wote. Nyutroni za kasi zinazoingia kifuani hupoozwa namna hiyo, na baadhi hurudi nje zikiwa pole. Beji huzinasa zinaporudi, kwa fuwele yenye lithiamu-6, ambayo hunasa nyutroni pole kwa hamu kubwa. Pembeni yake huwekwa fuwele ya lithiamu-7, isiyojali nyutroni. Zote mbili huona gama sawasawa. Ukitoa moja kutoka nyingine, kinachobaki ni nyutroni. Ni werevu wa aina yake, lakini una masharti. Beji lazima igandane na mwili. Ikining'inia kwenye kamba na kuyumba, au ikivaliwa juu ya koti zito, namba inashuka ingawa dozi haijashuka. Tena huziona nyutroni pole kupita kiasi na za kasi kidogo sana, kwa hiyo kila mahali pa kazi panahitaji kizidishi chake. Kizidishi kinachofaa ndani ya jengo la kinu cha umeme, ambako nyutroni zimepoozwa na zege, kikitumiwa kwa mtu anayebeba chanzo kitupu mkononi kitampa dozi ndogo mno isiyo yake.

Hapa kuna mtego ambao wasomaji wa Afrika Mashariki wanaohusika na mionzi wanapaswa kuujua. Lithiamu ya asili ina lithiamu-6 kiasi cha asilimia 7.5. Beji ya kawaida ya gama yenye fuwele za lithiamu asilia, aina inayotumika sana hospitalini na viwandani, itang'aa zaidi ikipigwa na nyutroni pole, na maabara itausoma mng'ao huo kama gama. Ikipigwa na nyutroni za kasi peke yake, haitaonyesha chochote cha maana. Kwa hiyo beji ya gama si kwamba tu haipimi nyutroni. Inaweza kuzichanganya na kitu kingine, bila dalili yoyote kwenye karatasi ya majibu.

Ya pili ni plastiki, na kwa maoni yangu ndiyo ya uaminifu kuliko zote. Inaitwa CR-39, na mtu mwenye miwani huenda anaiangalia dunia kupitia kwayo, kwa maana ndiyo iliyotengenezewa lenzi kwa miongo mingi. Mwaka 1978 wanafizikia wa Marekani walieleza kwamba chembe zenye chaji, kama protoni zinazorushwa na nyutroni, huacha makovu ndani yake. Makovu hayaonekani hadi kipande hicho, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kilowekwe kwenye kostiki soda iliyopashwa moto kwa saa kadhaa. Kemikali hula palipojeruhiwa haraka kuliko palipo pazima, na vishimo vya mviringo hutokea. Chini ya hadubini vinaonekana kama matone ya mvua ya kwanza kwenye vumbi, vyeusi, vingine duara kamili na vingine vimevutika kufuata upande ambao protoni ilitokea. Kamera na kompyuta huvihesabu.

Plastiki haioni gama hata kidogo, na hiyo ni sifa kubwa, maana karibu kila mahali penye nyutroni pana gama pia. Haifuti kumbukumbu kwa urahisi kama filamu ya NTA. Ila nyutroni za chini ya takriban elektronivolti 100,000 zinaipita, isipokuwa ikiwekewa mbele tabaka la boroni au lithiamu. Nyutroni zinazokuja kwa ubavu huacha vishimo vichache kuliko zinazokuja mbele. Alfa za radoni iliyomo hewani huacha makovu pia, ndiyo maana huja imefungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa, na anayeufungua mfuko huo ili kuona kilichomo ameiharibu. Na hata ikitunzwa vizuri, inaanza kusema kitu cha kuaminika kwenye dozi ya milisiveti 0.1 hadi 0.2. Chini ya hapo vishimo vya nyutroni havitofautishwi na kasoro za plastiki yenyewe.

Kuna vipimo vya viputo: matone ya kimiminika kilichopashwa kupita kiwango cha kuchemka, yaliyosimamishwa ndani ya jeli. Nyutroni ikiligonga tone, linalipuka kuwa kiputo unachokiona kwa macho palepale. Vinapendeza na havijali gama, na vimetumika hata kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu. Lakini utendaji wake unafuata joto, na kipimo kilichoachwa kwenye dashibodi ya gari mchana wa joto kali mjini Lodwar kitakuwa na mambo yake mengine ya kusema. Na kuna vya kielektroniki, vyenye silikoni na tabaka za kubadilisha nyutroni kuwa chembe zenye chaji. Faida yake ni kwamba vinalia hatari ikiwapo, wakati plastiki na fuwele husubiri mwezi au miezi mitatu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Ulaya ulioitwa EVIDOS ulivipeleka vifaa vya namna hii kwenye sehemu halisi za kazi: kando ya vinu, karibu na makasha ya mafuta ya nyuklia yaliyotumika, kwenye kiwanda cha mafuta yenye plutoniamu. Vyote vilikuwa vimehakikiwa kwa vyanzo vya kawaida vya maabara. Kazini vilitofautiana, vingine vikizidisha na vingine vikipunguza kwa mara kadhaa. Jibu la kuaminika lilipatikana baada ya kupima kwanza wigo wa nishati za nyutroni mahali hapo, kwa tufe za plastiki za ukubwa mbalimbali zilizobuniwa na Bonner na wenzake mwaka 1960, kisha kuisahihisha kila beji kwa mujibu wa wigo huo.

Afrika Mashariki haina kinu cha umeme wa nyuklia, na Kenya bado iko kwenye mipango. Vinu vya utafiti vya Kinshasa, ambako cha kwanza kiliwashwa mwaka 1959 na kuwa cha kwanza barani, vimenyamaza. Cha pili kimezimwa tangu 2004. Mgodi wa urani unaoendelezwa Mkuju, Namtumbo, kusini mwa Tanzania, haumo katika mjadala huu ingawa watu huutaja kila neno mionzi linapotajwa: hatari ya mchimba urani ni vumbi na radoni. Nyutroni zetu ziko mahali pasipofikiriwa sana, yaani barabarani.

Kila barabara kubwa ya lami inayojengwa hushindiliwa tabaka kwa tabaka, na fundi wa maabara ya udongo hupita na kisanduku cha njano chenye fimbo ili kupima msongamano na unyevu. Mafundi wengi hukiita Troxler, kwa jina la kampuni moja ya Marekani inayovitengeneza. Ndani yake mna vyanzo viwili. Kimoja ni sesiamu-137 kwenye ncha ya fimbo, inayoshushwa kwenye tundu la udongo. Cha pili ni mchanganyiko wa amerisiamu-241 na beriliamu uliokaa kwenye kitako na kutoa nyutroni, ambazo haidrojeni ya maji yaliyomo udongoni huzipooza. Kisanduku huhesabu zilizopoozwa na kukupa unyevu. Fimbo ikipandishwa na kufungwa, sesiamu inarudi kwenye kinga yake ya metali nzito na gama inapungua sana. Fundi hufundishwa hivyo, na ni kweli. Asichoambiwa mara nyingi ni kwamba chanzo cha pili hakina swichi wala kinga ya maana. Nyutroni zinatoka fimbo ikiwa juu au chini, kazini au stoo, na risasi iliyozuia gama haizizuii.

Kiasi gani? Hesabu si ngumu. Kisanduku cha kawaida kina amerisiamu ya gigabekereli 1.48, inayotoa nyutroni 90,000 hivi kwa sekunde. Kwa umbali wa mita moja zimetawanyika hadi kubaki pungufu ya moja kwa kila sentimita ya mraba kwa sekunde. Kwa nishati za chanzo hicho, dozi ni takriban maikrosiveti moja kwa saa. Kwa nusu mita, zinakuwa nne. Fundi anayekishika kwa nusu saa kwa siku akiwa nusu mita kutoka kwenye chanzo, kwa siku 60 za kazi katika miezi mitatu, anakusanya milisiveti 0.12 za nyutroni. Ukilinganisha na ukomo wa wafanyakazi, milisiveti 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano, hiyo ni dozi ndogo, na ninaisema wazi ili asitishike mtu. Lakini angalia ilipoangukia: palepale ambapo plastiki inaanza kuona. Robo hii ripoti itasema 0.1, robo ijayo itasema haikuonekana, na fundi amefanya kazi ileile.

Tuchukue mfano mwingine, wa kisanduku kinachowekwa usiku kwenye kontena la kambi, na mlinzi ambaye kitanda chake kimeegemea ukuta wa bati mita moja kutoka kilipo. Saa nane kwa usiku, usiku 250 kwa mwaka, ni milisiveti 2. Mlinzi si mfanyakazi wa mionzi. Hana beji, hajafundishwa, na ukomo wake kama mwananchi wa kawaida ni milisiveti 1. Hakuna beji ya aina yoyote kifuani mwa fundi itakayomgundua mlinzi huyu. Kinachomgundua ni mtu mwenye futi ya kupimia na karatasi ya hesabu.

Visima vya mafuta na gesi ni daraja lingine kabisa. Toka Songo Songo ilipogunduliwa gesi mwaka 1974 hadi Turkana mwaka 2012 na mashimo ya Ziwa Albert nchini Uganda, kila kisima huteremshiwa vyombo vya kuchunguza miamba, na mara nyingi kimojawapo hubeba amerisiamu-beriliamu yenye nguvu mara mia nne kuliko ya kisanduku cha barabarani. Kwa mita moja bila kinga, hiyo ni takriban milisiveti 0.4 kwa saa. Wanaoipachika hutumia fimbo ndefu na dakika chache tu; dakika tano kwa umbali huo ni maikrosiveti 33. Wafanyakazi hawa hubeba beji za nyutroni za kampuni zao za kimataifa, na kwa kiasi kikubwa wanahudumiwa vizuri. Baadhi ya kampuni zimehamia kwenye jenereta za nyutroni zinazozimwa kwa umeme. Bomba la mafuta la kutoka Hoima hadi Tanga lina habari tofauti: viungo vya kulehemu vikikaguliwa kwa mionzi, ni ya gama au eksirei, na beji ya kawaida inatosha.

Hospitalini suala linategemea namba moja. Mashine za tibamionzi zinazofanya kazi kwa volti milioni 6 hazitoi nyutroni za kuhangaikia. Zikifika milioni 10 na kuendelea, fotoni zake huzing'oa nyutroni kutoka kwenye tungsteni na risasi za kichwa cha mashine, na mlango wa chumba unahitaji plastiki yenye boroni pamoja na risasi. Nyutroni hizo huja kwa mapigo mafupi sana, na baadhi ya vipimo vya kielektroniki huhesabu pigo zima kana kwamba ni nyutroni moja. Anayepanga kununua mashine yenye nguvu zaidi angefanya vema kuuliza bei ya mlango kwanza.

Kundi lingine la watu wanaopigwa na nyutroni kila wiki bila kuvaa beji ni marubani na wahudumu wa ndege. Mionzi ya anga ikigonga hewa ya juu huzaa nyutroni, na katika mwinuko wa kilomita 11 hizo hufanya karibu nusu ya dozi. Ugasumaku wa dunia huisukuma mbali mionzi hiyo zaidi kwenye ikweta, kwa hiyo saa moja angani kati ya Nairobi na Kinshasa ina dozi ndogo, mara mbili hadi tatu, kuliko saa moja kwenye njia za kaskazini ya Atlantiki. ICRP ilipendekeza mwaka 1990 kwamba wahesabiwe kama wafanyakazi wa mionzi, na Ulaya ikaifuata. Dozi zao hukokotolewa kwa programu kutokana na njia ya ndege, mwinuko na hali ya jua, na vipimo vilivyopandishwa kwenye ndege vimeonyesha kwamba hesabu hizo zinaaminika.

Ukiliweka jambo la wahudumu wa ndege kando ya lile la Hanford, unaona kwa nini sikubaliani na wanaodai kila anayegusa nyutroni avalishwe beji ya nyutroni na mambo yaishie hapo. Dai hilo linasikika kuwa la kumjali mfanyakazi. Lakini kwa fundi wa barabarani beji hiyo itakaa kwenye mpaka wa upofu wake mwaka hadi mwaka, na mwajiri atakuwa na faili la sifuri zinazomlinda yeye kuliko zinavyomlinda fundi. Fedha hizohizo zinatosha kumwita mtaalamu mara moja mwenye kipimo kikubwa cha nyutroni, kile chenye silinda au tufe nzito la plastiki, apime kisanduku kikiwa mkononi, garini, stoo na kitandani kwa mlinzi, pamoja na gama ya kila mahali. Ukishaujua uwiano wa nyutroni kwa gama wa kifaa kile, na saa za kazi zikaandikwa, dozi inakokotolewa kwa uhakika ulio bora kuliko wa kishimo kimoja au viwili vya plastiki.

Njia hiyo ina ukomo wake, na haifai kufichwa. Inadai kazi iwe ya kurudiwarudiwa na chanzo kisibadilike. Kwenye visima, ambako ajali ya kuanguka kwa chanzo inawezekana, beji ya nyutroni ni ya lazima. Uwiano nao unavunjika mtu akiongeza kinga ya gama bila kugusa nyutroni. Na saa za kazi zikiandikwa na karani ofisini kwa kubuni, hesabu yote ni bure.

Kwa ajali kubwa kabisa mwili wenyewe huwa beji. Septemba 30, 1999, huko Tokaimura, Japani, mafundi watatu wa kiwanda cha JCO walimimina myeyusho wa urani kwenye tangi lisilofaa, na mnyororo wa nyuklia ukaendelea kwa takriban saa 20. Wawili walifariki baadaye. Dozi zao zilikadiriwa kwa sodiamu ya damu yao, ambayo nyutroni huigeuza kuwa sodiamu-24 yenye nusu-uhai wa saa 15. Nje ya kiwanda, sarafu za shaba nyeupe za yeni 5 zilizokuwa nyumbani kwa watu zilionyesha dalili za kupigwa na nyutroni na kusaidia kujua ni ngapi zilifika huko.

Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya iliyoundwa kwa sheria ya 2019, zina uwezo wa kuamua jambo moja lisilohitaji mashine mpya: kwamba ripoti ya dozi ya mtu anayefanya kazi na amerisiamu-beriliamu isiruhusiwe kuonyesha sifuri pale ambapo hakuna kilichopimwa. Kama beji ni ya gama tu, ripoti iseme hivyo. Kama nyutroni zimekokotolewa, iandikwe ni kwa uwiano upi, uliopimwa lini, kwa kifaa namba ngapi. Kanuni za kimataifa zinataka kumbukumbu hizi zitunzwe hadi mfanyakazi afikishe miaka 75, na zisipungue miaka 30 tangu aache kazi. Fundi aliyezaliwa mwaka 2000 na sasa anashindilia barabara kwa mkataba wa miezi 18 ana haki ya kulikuta faili lake mwaka 2075, hata kama mkandarasi aliyemwajiri alishavunja kambi na kurudi kwao zamani. Leo faili hilo mara nyingi hubaki kwenye kabati la mkandarasi, na mradi ukiisha linaondoka na makontena.